Malungu na majembe ya Ufipa

Katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, bado yamesimama matanuri ya udongo yanayompita mtu mzima kwa kimo. Wafipa huyaita malungu. Moja ni ilungu. Chuma cha majembe ya Ufipa kilipatikana humo hadi karne ya 20.

Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, pana chini na jembamba juu, likafikia meta 3 hivi. Kuzunguka kitako chake yaliachwa matundu, nayo yakapachikwa mabomba ya udongo. Hapakuwa na haja ya kuvukuta: kimo chenyewe kilivuta hewa kama dohani, na moto ukawaka siku kadhaa mfululizo. Joto halikufika nyuzi 1,538 za Selsiasi zinazoyeyusha chuma safi. Kilichoyeyuka ni taka, yaani mavi ya chuma, na chuma chenyewe kikabaki bonge lenye vijitundu. Wasimulizi wengi hukomea hapo, kumbe kazi ilikuwa nusu tu. Bonge lilivunjwavunjwa, likachomwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akaanza kufua.

Ilungu lilihesabiwa kuwa bibi harusi. Fundi mkuu alilitilia dawa, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Masimulizi ya kijiji cha Milansi nayo huufungamanisha utawala wa kwanza wa Ufipa na uhunzi, kabla ya ukoo wa Watwa kushika enzi.

Mahitaji ya majembe hayakuwa madogo. Wafipa hulima kwa vilima vya udongo, wakifukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea, na jembe lilitolewa pia kuwa mahari. Mmisionari Wyckaert aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1914. R. Wise alipochapisha maelezo yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1958, majembe ya viwandani yalikwisha kuyazima malungu.

Anayetafuta jembe la zamani Sumbawanga hupata kwa urahisi lile lenye mhuri wa kiwanda cha UFI cha Ubungo au cha Zana za Kilimo Mbeya, lenye unene sawa kila mahali. La mhunzi halina mhuri. Bamba lake lina alama za nyundo, na mkia wake huchomekwa katika kichwa kinene cha mpini. Hata hivyo, kukosa mhuri si ushahidi wa ilungu, kwa kuwa wahunzi hufua springi za magari kuukuu. Chuma cha ilungu hubaki na nyuzinyuzi za taka ndani, zinazoonekana kwa hadubini baada ya kipande kukatwa na kusuguliwa. Majembe ya aina hiyo ni adimu: yakichakaa yalirudishwa kwa mhunzi, yakawa visu.

Kwa hiyo ushahidi mwingi uko ardhini. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, akichunguza mabaki ya wilaya ya Nkasi, alitofautisha malungu na matanuri mafupi ya kale zaidi, yaliyovukutwa, yaitwayo katukutu. Uchimbaji wa mabaki hayo huhitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo pia hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863.