Kivuli cha Zebaki

Paka ndio waliotangulia. Miaka ya 1950, katika vijiji vya wavuvi vya Minamata, Japani, walianza kupepesuka na kuzunguka kama wanaocheza ngoma. Mei 1956 ugonjwa ukaripotiwa rasmi kwa watu: mikono ikitetemeka, ulimi mzito, macho yakififia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto waliitaja zebaki mwaka 1959. Ilitoka kwenye maji machafu ya kiwanda cha Chisso, ikaingia kwa samaki, na samaki wakaliwa. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968. Miaka hiyo 12 inaniuma kila nikiisoma.

Sumu isiyo na rangi wala harufu ni rahisi kuikana. Kilichohitajika ni kipimo, nacho kilikuwa kikizaliwa kwingine. Jumapili moja ya mwaka 1952, mjini Melbourne, mwanafizikia Alan Walsh alikuwa bustanini kwake wazo lilipomjia. Wenzake walizoea kuunguza sampuli na kupima mwanga unaotolewa na atomi. Kwa nini wasipime ule unaomezwa? Kesho yake, kabla ya chai ya asubuhi, alikuwa ameshathibitisha kwa taa ya sodiamu. Alichapisha mwaka 1955.

Kwa zebaki, njia iliyoenea ya kutumia wazo hilo ni ya Hatch na Ott, ya mwaka 1968. Maji hutiwa asidi, kisha chumvi ya bati inayogeuza ioni za zebaki kuwa metali. Hewa hupulizwa, mapovu hupanda, na mvuke huingia kwenye mrija. Upande mmoja inawaka taa ya zebaki yenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 253.7. Jicho halioni kitu, ila mvuke ule hutupa kivuli, na ukubwa wa kivuli ndio kiasi cha sumu. Hata chini ya mikrogramu 1 kwa lita hunaswa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 6 kwa lita kwa maji ya kunywa.

Huko Geita, Tanzania, wachimbaji wadogo bado hunasa dhahabu kwa zebaki. Huikoroga kwenye karai kwa mikono mitupu, huikamua kwa kitambaa, kisha huchoma kidonge kinachobaki juu ya mkaa. Nchi hiyo imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, wa mwaka 2013. Lakini mama anayechota maji chini ya karasha la kusaga mawe hawezi kujua kilichomo ndooni, mpaka maji yale yapitishwe mbele ya taa.