Kagera 2016 na Upungufu wa Orodha ya Matetemeko: Hoja ya Vituo vya Kudumu vya Upimaji Tanzania

Katika mijadala ya bajeti za utafiti, na hata katika semina za wanajiolojia, kuna hoja inayorudiwa mara kwa mara: kwamba Tanzania haina sababu ya kutumia fedha nyingi kupima matetemeko yake yenyewe. Wenye hoja hiyo husema kila tetemeko kubwa hunaswa na mitandao ya kimataifa ndani ya dakika chache, ramani za hatari zimekwisha kuchorwa, na panapozuka swali la kina watafiti wa nje huja na vyombo vyao, wakapima kwa mwaka mmoja au miwili na kuchapisha matokeo. Fedha inayobaki, wanashauri, ipelekwe kwenye ujenzi wa nyumba imara. Hoja hii inavutia kwa kuwa kila sehemu yake ina chembe ya ukweli. Makala hii inadai kwamba chembe hizo zikijumlishwa hazitoi jibu linalotarajiwa, na ushahidi wake mkuu ni tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016.

Kuhusu chanzo cha matetemeko yetu hakuna ubishi mkubwa. Bara la Afrika linapasuka polepole, kwa milimita chache kila mwaka, na Tanzania imebeba mikono yote miwili ya Bonde la Ufa: ule wa magharibi unaopita Ziwa Tanganyika na Rukwa hadi Ziwa Nyasa, na ule wa mashariki unaopita Natron, Manyara na Eyasi. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, limo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa barani. Ambraseys alilichambua upya mwaka 1991 kwa kutumia rekodi za vituo vya mbali na taarifa za watu waliokuwapo. Baadaye Vittori, Delvaux na Kervyn walieleza ufa wa Kanda, karibu na Sumbawanga, ambao kingo zake bado zinaonekana wazi juu ya ardhi. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikiswa kwa ukubwa wa 6.8. Katika haya wataalamu wanakubaliana, na sina cha kuongeza.

Ubishi unaanzia kwenye ramani. Kazi ya Midzi na wenzake ya mwaka 1999 kuhusu Afrika ya Mashariki na Kusini, na ile ya Poggi na wenzake ya mwaka 2017 kuhusu Bonde la Ufa, zote zinaligawa eneo katika kanda, kisha zinakadiria kila kanda itoe matetemeko mangapi kwa kutumia orodha ya yaliyokwisha kutokea. Ni kazi za uangalifu, na watunzi wenyewe wanakiri upungufu wa orodha zao. Tatizo ni namna zinavyosomwa na wanaozitumia. Kipimo kinachozoeleka ni mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa katika miaka 50, yaani unaotarajiwa kwa wastani mara moja katika kila miaka 475. Lakini mtandao wa kwanza wa dunia wenye vyombo vya aina moja uliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa matetemeko ya wastani, tunatumia kumbukumbu ya miongo michache kusemea karne tano. Panapokosekana alama kwenye orodha, ramani hupaka rangi hafifu, na rangi hiyo husomwa kama ahadi ya usalama.

Kagera haikuahidiwa usalama kamili, lakini haikuwa pia mahali ambapo wengi wetu tungeelekeza kidole. Mkoa huo uko ukingoni mwa bamba dogo la Victoria, kati ya mikono miwili ya ufa, kwenye miamba ya kale ambayo katika vitabu vingi huelezwa kuwa mikavu na migumu. Sakafu ya ufa wa magharibi iko takriban kilomita 200 kutoka hapo. Jumamosi hiyo ya Septemba, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga, kitovu chake kikiwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Bukoba. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba zilianguka au kupata nyufa. Mitikisiko ilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya.

Jambo linalonishughulisha ni kina chake. Taasisi za kimataifa zilitoa makadirio ya takriban kilomita 40. Kwa mwanajiolojia namba hiyo ina maana nzito, kwa sababu inaweka chanzo chini kabisa ya gamba la dunia, mahali ambapo katika nchi nyingi mwamba una joto la kutosha kunyumbulika badala ya kukatika. Nyblade na Langston walionyesha mwaka 1995 kwamba Afrika Mashariki ina matetemeko yanayozidi kina cha kilomita 20, na Foster na Jackson wakaliunga mkono mwaka 1998. Kwa hiyo kilomita 40 si jambo lisilowezekana. Lakini kina cha tetemeko hupimwa vizuri pale tu kituo kimoja au zaidi kinapokuwa karibu na kitovu, kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe. Kituo cha kudumu cha mtandao wa dunia kilichokuwa karibu zaidi ni cha Mbarara, Uganda, takriban kilomita 100 kutoka kitovuni. Kingine kinachotegemewa katika eneo letu ni cha Kilima Mbogo, Kenya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, mamia ya kilomita mashariki. Kwa mpangilio huo kitovu kinaweza kupatikana kwa usahihi unaoridhisha, ila kina hubaki kikitegemea uchambuzi wa mawimbi yaliyosafiri hadi mabara mengine.

Kwa nini hili litusumbue? Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililo kilomita 40 chini hufika juu likiwa limepoteza nguvu nyingi. Lingekuwa kilomita 10 chini, lingeumiza eneo dogo zaidi kwa ukali mkubwa zaidi. Uharibifu wa Bukoba unaonekana mkubwa kwa chanzo cha kina namna ile, na kuna njia tatu za kuufafanua: nyumba zilikuwa dhaifu, udongo uliukuza mtikisiko, au kina kilikuwa pungufu ya kilichotangazwa. Wengi wamechagua ya kwanza, na nyumba za tope na matofali yasiyofungwa kwa zege zinawaunga mkono. Wengine wameutazama udongo laini wa bondeni, kandokando ya mto Kanoni na ufukwe wa ziwa. Lakini Shule ya Sekondari Ihungo, iliyobomoka kiasi cha kufungwa, iko juu ya kilima, kwenye nchi ya mawe-mchanga ya Bukoba, yanayojulikana katika jiolojia kwa jina la mji huo. Udongo laini wa ziwani hauwezi kuelezea Ihungo. Labda ni umri wa majengo. Labda ni umbo la kilima, kwa kuwa vilele hujulikana kukuza mitikisiko. Labda ni kina. Kila jibu lina sera yake: la kwanza linataka kanuni za ujenzi, la pili linataka upimaji wa viwanja, la tatu linataka ramani mpya ya hatari kwa ukanda mzima. Makadirio ya mtikisiko yaliyosambazwa baada ya tukio yalitumia fomula zilizotungwa hasa kwa data za nchi nyingine, kwa hiyo hayawezi kuamua. Ambacho kingeweza kuamua ni kipima-mtikisiko ambacho kingefungwa mjini kabla ya siku ile.

Hapo ndipo hoja ya "dunia inatupimia" inapoanguka. Mitandao ya kimataifa iliwekwa kwa ajili ya maswali ya kimataifa, na inayajibu vizuri. Maswali yetu ni ya wilaya na kata.

Ipo hesabu nyingine ambayo wachumi wetu wangeipenda kama wangeonyeshwa. Gutenberg na Richter waligundua katika miaka ya 1940 kwamba kila unaposhuka daraja moja la ukubwa, idadi ya matetemeko huongezeka karibu mara kumi. Orodha za dunia kwa eneo letu huanza kuaminika kuanzia ukubwa wa takriban 4.5. Mtandao wa ndani unaoshuka hadi 2.5 ungepata matukio mara mia kwa muda uleule. Maana yake, miaka miwili ya upimaji wa karibu hutoa idadi ya matukio ambayo vituo vya mbali vingeikusanya kwa miaka mia mbili. Uwiano huo hubadilika kutoka mahali hadi mahali, hasa penye volkano, na matetemeko madogo hayasemi lolote la hakika kuhusu lini kubwa litakuja. Lakini yanachora nyufa zilizo hai. Kama kungekuwa na vituo vinne tu kati ya Kyaka, Karagwe, Bukoba na Biharamulo kwa miaka kumi kabla ya 2016, ninaamini ufa wa Missenyi ungekuwa na jina kabla haujaua. Ningeongeza tahadhari moja ya kazi: mtandao kama huo ungenasa pia milipuko ya migodi ya Geita, na ni mtu anayeishi nchini, anayejua saa za kulipua, atakayeweza kuichambua na kuiondoa.

Kuhusu kampeni za muda za upimaji, sikusudii kubeza. Vituo vipatavyo 20 vilivyowekwa nchini mwaka 1994 na 1995 na watafiti wa Marekani na Watanzania ndivyo vilivyotupa picha ya kwanza nzuri ya gamba la Tanzania. Mwaka 2007 mtandao wa muda wa Wafaransa na Watanzania ulikuwapo kaskazini wakati mlima Gelai ulipotikisika kwa wiki kadhaa, tetemeko kubwa likiwa la 5.9 tarehe 17 Julai, kabla volkano ya Oldoinyo Lengai haijalipuka Septemba. Calais na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba sehemu kubwa ya mwendo wa ardhi pale haikutoa mtetemo wowote. Ilitokana na ufa kuteleza polepole na magma kujipenyeza. Ugunduzi huo umebadilisha namna tunavyoueleza ufa. Lakini vyombo vilikuwapo kwa bahati. Kagera 2016 haikupata bahati hiyo, wala pwani haikuipata tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilipotokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam na wakazi wa maghorofa wakakimbilia barabarani.

Wapinzani wana jibu linalostahili heshima: vyombo havitabiri. Wanataja Nyiragongo. Volkano hiyo ya jirani zetu wa Kongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na Smittarello na wenzake walionyesha mwaka uliofuata kwamba hata data zilizokuwapo hazikuwa na dalili ya wazi isipokuwa muda mfupi tu kabla. Ninakubali. Lakini tuendelee na habari hiyo hadi mwisho. Siku zilizofuata, matetemeko mfululizo yalifuatiliwa na vituo vya Goma, yakaonyesha magma ikisogea kusini chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama. Uamuzi wa kuhamisha mji, na baadaye wa kuwarudisha watu, hauwezi kufanywa kwa kubahatisha. Baada ya tetemeko la Kagera familia zililala nje zikiogopa mitikisiko iliyofuata. Zilikuwa na haki ya kuambiwa kitu chenye msingi.

Ama kuhusu fedha kwenda kwenye majengo, hapa hakuna kuchagua. Kenya ina kanuni ya ujenzi wa kuhimili matetemeko tangu mwaka 1973, na Uganda iliandika yake mwaka 2003, baada ya kuumizwa na tetemeko la Toro mwaka 1966 na la Kisomoro mwaka 1994. Mhandisi anayefuata kanuni huuliza kwanza: mtikisiko wa kiasi gani? Kanuni isiyo na namba za mahali husika humgharimu mjenzi wa eneo tulivu na kumwacha wazi mjenzi wa eneo la hatari. Namba hizo hazitoki popote isipokuwa kwenye vipimo.

Kikwazo halisi, kwa maoni yangu, kiko kwenye matunzo. Kituo kinahitaji betri, paneli ya jua, uzio, mlinzi anayelipwa kwa wakati na mtaalamu wa kukitembelea. Vingi hufa miezi michache baada ya mradi kumalizika. Kwa hiyo fungu linalotakiwa ni la matumizi ya kawaida ya kila mwaka, si la ufadhili. Kando ya vituo, watendaji wa vijiji na walimu wakuu wangepewa fomu fupi ya Kiswahili ya kueleza kilichosikika na kilichobomoka. Hilo halina gharama ya kutisha, na taarifa za namna hiyo zilisaidia kutuwezesha kulijua tetemeko la 1910.

Haraka ipo. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linaingia Tanzania kupitia Missenyi, wilaya ileile ya kitovu cha 2016. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa la Kariba lilitufundisha mwaka 1963 kwamba uzito wa maji mapya unaweza kuamsha nyufa zilizolala. Miradi hii miwili ichangie kisheria vituo vya kudumu vinavyoendeshwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yaani GST, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na data zake ziwe wazi kwa kila mtafiti. Kaskazini-magharibi ianze. Wabunge wa Kagera wanaweza kulidai hili katika kikao kijacho cha bajeti, na wanataaluma wa jiolojia tunapaswa kuwapa hesabu tayari mkononi.