Istilahi za Mtumiaji na Istilahi za Mtengenezaji: Kisa cha Programu za Madirisha

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya programu za kompyuta zenye madirisha na vitufe yalivyoingia katika Kiswahili, na kwa nini hadi sasa yanamfaa zaidi anayezitumia kuliko anayejifunza kuzitengeneza. Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kuanza mbali kidogo na kompyuta, huko Mpanda.

Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi ya Uruwira. Reli na machimbo vina maneno yake: spana, nati, bolti, breki, injini. Maneno ya namna hii hayakungoja kamati. Yalipita mikononi mwa mafundi, kwani anayeifungua mashine hulazimika kuviita vipande vyake kwa majina.

Kompyuta ilikuja kwa njia nyingine. Wizara ya Fedha ilipata ya kwanza mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Ikumbukwe kwamba ni katika kipindi hicho hicho programu za madirisha zilipozaliwa na kukua: Alto ilitengenezwa katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973, Macintosh ilianza kuuzwa 1984, na Windows ya kwanza ikatoka 1985. Hivyo Watanzania wengi walipolikuta dirisha la kompyuta, lilikuwa limekwisha komaa na kupewa majina na wengine. Mpanda, ambako kwa muda mrefu umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, ilingoja zaidi.

Kazi ya kutafsiri hata hivyo ilifanywa, tena kwa bidii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Microsoft nayo baadaye ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Leo tunayo dirisha, kipanya, kitufe, faili, hifadhi, futa. Tunalo bofya, ambalo tangu zamani lilitumika kwa kubonyeza kitu laini kwa vidole, mathalani embe lililoiva. Hatujui tafsiri iliyo nzuri kuliko hiyo. Tunalo hariri, na hakuna aliyedhani kwamba anaambiwa habari za kitambaa. Si kila pendekezo lilipata bahati hiyo: ngamizi, lililopendekezwa kwa maana ya kompyuta, lilikuwa karibu mno na kuangamiza.

Lakini maneno hayo yote ni ya usoni. Tuchukue mfano wa kijana wa Mpanda anayetaka kukitengenezea chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku programu ya kuandika uzito wa marobota. Tangu Visual Basic ilipotoka mwaka 1991, kazi ya kuchora dirisha lenyewe imekuwa nyepesi. Ataweka fomu, nafasi ya jina la mkulima, nafasi ya uzito, na kitufe cha Hifadhi. Hadi hapo Kiswahili chake kinamtosha.

Ugumu unaanza anapouliza kitufe kinajuaje la kufanya. Programu nyingi za zamani ziliuliza swali moja baada ya jingine, na mtu alijibu kwa utaratibu uliowekwa. Programu ya madirisha hukaa ikingoja, kama mkuu wa stesheni asiyejua abiria yupi atamjia kwanza, wa tikiti au wa mzigo. Kila ajaye ana shughuli yake na utaratibu wake. Kijana aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari kwa Kiingereza, analielewa jambo hili mara moja akielezwa hivyo. Akipewa jina la Kiingereza peke yake, hulikariri kama namba ya simu.

Baadhi ya maneno yapo karibu. Kitanzi kinafaa kwa amri zinazorudiwa, na kurithi kwa sehemu inayochukua sifa za nyingine. Hatari ipo kwa mfasiri anayefuata kamusi bila kuiona kazi. Neno la Kiingereza linalotaja kielelezo ambacho vitufe vyote vya aina moja hutengenezwa kwacho, ndilo pia la chumba cha wanafunzi. Mfasiri huyo ataandika darasa, na mwalimu atapoteza kipindi kizima akieleza kwa nini hakuna wanafunzi ndani yake. Sisi tungesema kiolezo.

Kwa lile linalofanywa na mtumiaji, yaani kubofya au kuandika herufi, tukio linatosha. Kwa ile sehemu ya programu inayoitikia tukio, tunapendekeza kiitikio. Wapo watakaopinga kwamba neno hili ni la nyimbo. Ni kweli, na ndiyo sababu tumelichagua: kiitikio cha wimbo nacho hukaa kimya mpaka kiongozi amalize ubeti.