Indiketa Ilikuja na Lami

Ukitaka kujua Land Rover ya abiria inayopanda Mlima Elgon imepitia mikono mingapi, achana na nambari ya usajili. Zunguka nyuma uangalie taa. Si ajabu kukuta indiketa ya kushoto ni ya duara, ile ya asili ya Kiingereza, huku ya kulia ikiwa ya mstatili, imeng'olewa kwenye trela la lori. Mbele, juu ya madigadi, kumefungwa vitaa viwili vya LED vilivyotengenezewa pikipiki. Gari moja, vizazi vitatu vya taa.

Magari haya yameulisha mlima kwa miaka mingi, pande zote mbili: kutoka Kitale kuelekea Endebess na Suam, na kutoka Chwele katika Kaunti ya Bungoma kupanda Kapsokwony na Kopsiro. Hushuka na viazi, vitunguu, mahindi na maziwa, yakipanda hurudi na watu, saruji na soda. Mvua ikishika, madereva hufunga minyororo kwenye matairi. Huko juu indiketa haina kazi. Njia ni mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu, na gari likishaingia humo halikati kona hata dereva akitaka. Kazi yake inaanza pale tope linapokutana na lami, mahali ambapo kuna basi linalokuja nyuma kwa kasi na dereva wake hajui kwamba hilo gari la mbele linataka kuingia njia ya shambani.

Land Rover yenyewe haikuundwa ikimfikiria dereva wa nyuma. Ilizinduliwa katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na kampuni ya Rover iliinadi kama mashine ya mkulima: ilivuta jembe, ilizungusha mashine ya kupukuchua nafaka, ikapeleka maziwa stesheni. Maurice Wilks, aliyeibuni, alikuwa na shamba Wales na alitumia Jeep ya jeshi humo. Gari la kwanza la majaribio liliwekwa usukani katikati, kama trekta. Wazo hilo liliachwa mapema, na ni heri, kwa sababu dereva aliyekaa katikati angetoaje mkono nje kuonyesha anakokwenda? Wakati huo ishara ilikuwa ni mkono. Land Rover za mwanzo hazikuwa na indiketa kabisa.

Kwa wilaya ya Trans Nzoia ya miaka hiyo, gari la namna hiyo lilikuwa kama limeagizwa kwa vipimo. Reli ilikuwa imefika Kitale tangu 1926, mahindi ya walowezi yakasafiri kwa treni, na barabara za mashamba zikabaki za udongo mwekundu. Ungeweza kuendesha kutwa nzima bila kuona gari jingine nyuma yako. Kule Bungoma, mji uliokua kando ya reli ya kwenda Uganda, wengi walitembea kwa miguu au kwa baiskeli.

Palipokuwa na gari la nyuma, dereva alifanya kama kanuni za Uingereza zilivyofundisha. Kwenda kulia, mkono wa kulia hutoka dirishani ukiwa umenyooka. Kwenda kushoto, mkono huohuo huzungushwa kinyume cha saa. Kupunguza mwendo, kiganja hutazama chini na mkono hupanda na kushuka taratibu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilipoanza kutumika mwaka 1954, wanaojifunza udereva walikuwa wakikariri mambo haya, na hata leo shule za udereva hazijaacha kuyafundisha. Land Rover nyingi za mwanzo zilikuwa na paa la turubai, kwa hiyo mvua ya alasiri ya Kitale ilimlazimisha dereva kuchagua: atoe ishara, au abaki mkavu.

Ulaya na Marekani zilikuwa zimeshahangaika na jambo hili kwa muda. Mwigizaji wa filamu Florence Lawrence alibuni mwaka 1914 kimkono kilichoinuka nyuma ya gari kwa kubonyeza kitufe, lakini hakukiandikisha rasmi na hakikumpa kitu. Waingereza walipenda kijimkono cha umeme chenye taa ndani, kilichochomoza kwenye nguzo ya mlango. Morris Minor ilikuwa nacho hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilipokwama, tiba yake ilikuwa kuipiga nguzo ngumi. Buick ya Marekani ilileta taa za kupepesa mwaka 1939, na hizo ndizo zilizoshinda. Siku hizi kipimo kinachofuatwa katika nchi nyingi ni taa ya rangi ya chungwa inayopepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Baada ya Uhuru wa 1963 mashamba yakabadilisha wenyewe. Mengine yakagawanywa kwa walowezi wapya Waafrika, mengine yakaingia chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa 1965 na ambalo hadi leo lina mashamba makubwa Trans Nzoia. Magari nayo yakahama: kutoka shambani hadi kwa chama cha ushirika, misheni, chifu, na hatimaye kwa mtu aliyeweka viti viwili virefu nyuma na kuita abiria. Mzee Kenyatta alipoziruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi mwaka 1973, gari la shamba likawa gari la umma. Miaka hiyohiyo Series III, iliyoanza 1971, ilikuwa ikiingia nchini na swichi ya indiketa kwenye kijiti cha usukani, na kiwanda cha Leyland huko Thika kikaanza kuunganisha Land Rover hapahapa Kenya. Lakini zile za zamani hazikustaafu. Zilihitaji kuongezewa taa, na kazi hiyo ikawaangukia mafundi wa jua kali.

Hapa ndipo pana utamu wake. Indiketa ni sakiti ndogo: betri, fyuzi, flasha, swichi, na waya mbili zinazogawanyika kulia na kushoto. Kwenye gari dogo la kawaida fundi huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Land Rover inamsumbua kwa sababu ya historia yake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza, Rover wakatengeneza bodi kwa aloi ya aluminiamu na kuacha chesisi iwe ya chuma. Bolti ya chuma ikikaa kwenye bati la aluminiamu, maji ya mvua yakaingia kati yao, unaota unga mweupe unaokula polepole. Unga huo haupitishi umeme. Kwa kuwa taa hutumia bodi kama njia ya kurudisha umeme kwenye betri, arthi ikifa, umeme hutafuta njia nyingine kupitia balbu ya jirani. Ndiyo maana utaona gari likishuka Kapsokwony, dereva anakanyaga breki, na indiketa inawaka hafifu kwa aibu badala ya taa ya breki kuwaka.

Fundi anayeyajua haya haanzi na balbu. Anapiga msasa pale bolti inapokaa mpaka bati ling'ae, anapaka grisi, kisha anavuta waya wa arthi wa peke yake kutoka kila taa hadi kwenye chesisi. Tundu la kupitishia waya analivisha mpira, kwa kuwa ukingo wa bati huchana ngozi ya waya kila gari linaporuka shimo, na mashimo hayaishi. Waya anazibana kwa ndani ya chesisi, juu, ambako tope na mawe havifiki.

Flasha ina ukorofi wake pia. Ile ya zamani ina utepe mwembamba wa chuma ndani ya kopo: umeme ukipita, utepe hupata moto, hujikunja na kukata mkondo, ukipoa, hurudi. Ule mlio wa tik-tak ndio huo. Imepimwa kwa balbu mbili za wati 21, na balbu moja ikiungua mwendo hubadilika au husimama, hivyo dereva anajua. Ukifunga LED, ambayo hunyonya umeme kidogo mno, utepe haupati moto na taa huwaka tu bila kupepesa. Dawa ni flasha ya kielektroniki. Lakini Land Rover zilizotoka kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 ziliunganishwa kinyume, upande chanya wa betri ukiwa ndio arthi, na flasha hiyo haikubali kufungwa kinyumenyume. Fundi asipouliza kwanza gari ni la mwaka gani, flasha inabaki bubu au inaungua mkononi.

Sheria nazo zilisukuma. Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zinakumbukwa kwa mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, ila kwa mwenye gari kuukuu maana yake ilikuwa ukaguzi wa kweli. Mlimani, makanga aliyening'inia mlangoni akipunga mkono alikuwa indiketa tosha. Kwenye kizuizi cha polisi hakutosha.

Na lami ilikuwa na lugha yake ambayo haimo kwenye vitabu vya udereva. Kwenye barabara kuu ya Webuye, Bungoma na Malaba, dereva wa lori la masafa akiwasha ya kushoto huku akienda moja kwa moja, anamwambia wa nyuma apite. Akiwasha ya kulia, kuna gari mbele, tulia. Usiku, malori yakikutana, ya kulia huwashwa kuonyesha ukingo wa gari uko wapi. Mimi naona ni hatari: mgeni hawezi kujua kama lori linamkaribisha au linakata kona kweli. Lakini asiyeielewa lugha hiyo ndiye anayechelewa kufika, na dereva wa Land Rover aliyefungiwa taa jana anajikuta anatakiwa kuzungumza lahaja nzima.

Trekta za miwa zimebaki nje ya mazungumzo hayo. Tangu kampuni ya sukari ya Nzoia, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilipoanza kusaga miwa, Massey Ferguson zimekuwa zikivuta matrela ya miwa barabarani hata usiku, na taa za trela ndizo za kwanza kuvunjika wakati wa kupakia. Wenye trela wengi wamekata tamaa ya balbu, wakaweka vibandiko vya kuakisi mwanga. Hivyo humwambia dereva wa nyuma kwamba mbele kuna kitu. Kwamba kitu hicho kiko karibu kukunja kuingia njia ya shamba, havimwambii.

Kisha zikaja pikipiki, hasa baada ya serikali kuziondolea ushuru zile ndogo mwaka 2008. Bodaboda wa baiskeli alikuwa akinyoosha mkono, mwenzake wa pikipiki ya Boxer ana kitufe kidoleni, ijapokuwa wengi hukisahau kikiwashwa kilomita mbili. Faida kubwa imewaendea watu wasiotarajiwa. Kila kituo cha soko, kutoka Kiminini hadi Chwele, sasa kina duka la spea za pikipiki, na ndani yake flasha ya kielektroniki inayokubali taa za LED. Lami imeshafika Suam, matatu ndogo zimechukua abiria wa njia hiyo, na Land Rover zimesukumwa juu zaidi kwenye njia za tope. Zikishuka kuuza viazi, flasha ya pikipiki ndiyo inayozipepesea taa, mradi fundi amekumbuka kugeuza betri.