Malale na Makazi ya Lazima Katika Nyanda za Juu za Buha

Nyanda za juu za Buha, ambazo leo zimegawanyika katika wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko mkoani Kigoma, ziliwapa Waha kwa muda mrefu kinga isiyotokana na dawa yoyote dhidi ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa kuwa mwinuko wa ardhi, migomba iliyozunguka nyumba na malisho yaliyowekwa wazi na ng'ombe vilimnyima mbung'o kivuli pamoja na wanyamapori anaowategemea kwa damu. Ardhi inaposhuka kuelekea mabonde ya mito Malagarasi na Moyowosi huanza msitu wa miyombo, na humo ndimo anamoishi mbung'o wa jamii ya Glossina morsitans, anayefyonza damu ya ngiri, pongo na nyati, na ya binadamu anayepita. Watu wa Heru, Muhambwe na Buyungu, zilizokuwa miongoni mwa falme za Waha, kila moja ikiwa na mwami wake, hawakuukimbia msitu huo, maana ulikuwa na asali, nyama na njia za kuelekea kwenye chumvi ya Uvinza. Waliuingia kwa shughuli maalumu, kisha wakarudi juu.

Mpaka huo kati ya makazi na msitu haukuwekwa na maumbile peke yake, bali ulilindwa na jembe, moto na kwato, na nguvu hizo zilipopungua msitu ulisogea. Sotoka iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndui, uchukuzi wa kulazimishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mabadiliko ya watawala, ambapo Wajerumani waliondolewa na Wabelgiji mwaka 1916, nao wakawaachia Waingereza mwaka 1921, vyote vilipunguza watu na mifugo. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus, katika chake cha 1977, walieleza kwa mapana jinsi kichaka kilivyorudi mahali watu walipopungua, na hoja yao inaeleza hali ya Buha vizuri kuliko maelezo ya zamani yaliyoulaumu ukulima wa Waha na desturi yao ya kuishi kwa kutawanyika.

Malale ya aina kali, yanayoletwa na kijidudu chenye seli moja kiitwacho Trypanosoma brucei rhodesiense, yalitambuliwa Tanganyika katika eneo la Maswa mwaka 1922, na kuanzia mwaka 1933 serikali ilianza kuwahamisha Waha wa maeneo yenye ugonjwa kwenda katika makazi ya pamoja. Mpango huo ulifuata fikra za Dkt. George Maclean, aliyesimamia shughuli za malale nchini, ambaye alishikilia kwamba mamia ya kaya zikikaa na kulima mahali pamoja zitafyeka ardhi pana kiasi cha kumfukuza mbung'o, na kwamba wagonjwa wataonekana mapema wakiwa karibu na mganga. Kwa upande wa mbung'o hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba hapakuwa na dawa ya kutosha kuwa mbadala: suramini, dawa ya Kijerumani iliyoanza kutumika miaka ya 1920, iliua vijidudu vilivyo katika damu lakini haikupenya hadi kwenye ubongo, na triparsamidi, iliyosaidia malale ya Afrika Magharibi, haikuwafaa wagonjwa wa aina hii. Hadi mwisho wa miaka ya 1940, mgonjwa wa Kibondo ambaye kijidudu kilikwisha kufika ubongoni mwake hakuwa na tiba ya kutumainiwa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya serikali ihamishe vijiji.

Ili kuelewa watu waliohamishwa walipatwa na nini miilini mwao, ni lazima kuanzia kwenye seli, ambayo Rudolf Virchow wa Berlin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1858, aliitaja kuwa mahali ambapo ugonjwa wowote huanzia. Seli hai hutumia nishati bila kukoma, hasa kuendesha pampu zilizomo katika utando wake, ambazo huitoa sodiamu nje na kuibakiza potasiamu ndani. Nishati hiyo hutengenezwa na mitokondria, na ikikosekana, kwa sababu oksijeni imepungua, sumu imeingia au utando umetobolewa, sodiamu huingia, maji huifuata, na seli huvimba. Kufikia hapo jeraha bado linaweza kupona endapo chanzo chake kitaondolewa. Chanzo kikiendelea, kalisiamu hufurika ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyoimeng'enya seli yenyewe, utando hupasuka, na seli hufa kwa njia iitwayo nekrosisi, ikimwaga yaliyomo na kuziamsha tishu za jirani; hiyo ni tofauti na apoptosisi, kifo cha mpangilio ambacho seli hujikunja na kujigawa vipande vinavyomezwa bila ghasia.

Damu ya binadamu huitumia njia hiyo hiyo ya kuvimbisha kama silaha dhidi ya tripanosoma. Protini iitwayo APOL1, iliyomo katika sehemu ya mafuta ya damu, huingia ndani ya kijidudu, hutoboa njia za chumvi katika tando zake, na kukifanya kivimbe hadi kufa, na kwa sababu hiyo tripanosoma wengi wanaowaangamiza ng'ombe hawamdhuru mtu. Aina ya rhodesiense ina protini yake inayoishika APOL1 na kuizuia. Katika maabara ya Tinde, Shinyanga, watafiti wa Kiingereza waliihifadhi mbegu moja ya kijidudu hiki kuanzia mwaka 1934, wakaipitisha kwa mbung'o kutoka mnyama hadi mnyama kwa zaidi ya miaka 20, huku wakiijaribu kwa watu wa kujitolea, ili kujua kama itapoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu. Haikuupoteza. Kwa makazi ya Buha jibu hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa lilidokeza kwamba pongo wa Moyowosi anaweza kuutunza ugonjwa wa watu kwa miaka mingi, hata kama kijiji chote kimehamishwa.

Mbung'o anapouma, huacha vijidudu chini ya ngozi, na siku kadhaa baadaye mahali hapo huota jipu gumu lenye maumivu, ambalo ni mfano kamili wa mchochota. Mchochota ni jibu la tishu zenye mishipa ya damu kwa jeraha lolote, liwe la kijidudu, la moto au la kemikali, na alama zake nne, yaani wekundu, joto, uvimbe na maumivu, ziliandikwa na Celsus wa Roma karibu miaka 2,000 iliyopita. Seli zilizojeruhiwa, pamoja na seli za ulinzi zilizomo katika tishu, hutoa histamini na kemikali nyingine ambazo hutanua mishipa midogo, na hapo ndipo wekundu na joto hutokea. Kuta za mishipa hulegea na kuvujisha majimaji yenye protini, na uvimbe hufuata. Neva za maumivu huamshwa. Kisha chembe nyeupe hujishikiza kwenye kuta, hupenya, na kuelekea kwenye adui. Jipu la namna hiyo kwa kawaida hupona lenyewe, kijidudu kikiwa kimekwisha kuingia katika damu na tezi za limfu.

Katika damu, tripanosoma hujivika koti la protini ya aina moja, na mwili hutengeneza kingamwili za kuitambua. Lakini wachache kati yao huwa wamekwisha kubadili koti, huzaana upya, na mzunguko huanza tena, kwa kuwa kijidudu kina akiba ya jeni za makoti zaidi ya elfu moja. Homa hupanda na kushuka kwa mawimbi, na kila wimbi humgharimu mgonjwa zaidi kuliko linavyokigharimu kijidudu. Makrofaji, seli kubwa zinazomeza uchafu, huchochewa kupita kiasi hadi humeza chembe nyekundu za damu za mwili wenyewe, na upungufu wa damu hutokea. Wengu na tezi huvimba. Misuli ya moyo huweza kupata mchochota. Kukonda kwa wagonjwa kulikuwa na fumbo lake, ambalo lilifumbuliwa miaka ya 1980 katika maabara ya New York na Anthony Cerami na wenzake, walioanza kwa kuchunguza sungura wenye tripanosoma ambao walidhoofika ingawa vijidudu katika damu yao vilikuwa vichache. Waligundua protini inayotolewa na makrofaji, wakaiita kakektini, na mwaka 1985 ikathibitika kuwa ndiyo ile ile iliyojulikana kwa watafiti wa saratani kama TNF, mojawapo ya saitokini kuu, yaani protini za kupashana habari zinazoendesha mchochota. Dawa kadhaa za sasa za baridi yabisi zinatokana na ujuzi huo, na inafaa wanafunzi wa uuguzi wa Kigoma wafahamu kwamba ugonjwa wa misitu yao una sehemu katika asili ya dawa hizo.

Hatua ya pili huanza kijidudu kinapovuka kizuizi kati ya damu na ubongo. Chembe nyeupe hujikusanya kuizunguka mishipa midogo ya ubongo, mchochota huvuruga vituo vya usingizi, na mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, hubadilika tabia, kisha huzimia. Aina ya rhodesiense huyafanya hayo kwa wiki au miezi michache, na asiyetibiwa mara nyingi hufa kabla ya nusu mwaka.

Mwaka 1936, miaka mitatu baada ya uhamishaji kuanza Buha, Hans Selye wa Montréal alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza kwamba panya waliopatwa na baridi, upasuaji, sumu au kazi ya kupita kiasi walionyesha mabadiliko yale yale: tezi za adrenali zilikuwa kubwa, tezi za kinga zilisinyaa, na tumbo likapata vidonda. Aliuita mfululizo huo hatua za kushtuka, kustahimili na kuishiwa nguvu, na baadaye akaupa jina ambalo kwa Kiswahili huitwa msongo. Ubongo unapotambua tishio, huziamsha neva zinazozifanya tezi za adrenali zitoe adrenalini ndani ya sekunde chache, na sambamba na hilo haipothalamasi huiagiza tezi ya pituitari, nayo huziagiza adrenali zitoe kotisoli, homoni inayopandisha sukari katika damu, inayovunja protini za misuli ili zitumike, na inayotuliza mchochota. Kwa muda mfupi hayo yote huokoa maisha. Yakiendelea kwa miezi, misuli hupungua, vidonda huchelewa kupona, na kinga hudhoofika.

Hakuna aliyepima kotisoli ya Waha waliohamishwa. Hata hivyo, mambo yaliyowapata ni yale ambayo fiziolojia inayatambua kuwa vyanzo vya msongo: kuacha migomba iliyopandwa na wazazi, kulima shamba jipya huku chakula kikisubiri mavuno ya kwanza, kuishi jirani na watu wengi na vinyesi vyao, na kutengana na mteko, kiongozi wa ibada za ardhi ambaye mamlaka yake yalikuwa ya mahali maalumu na hayakuweza kubebwa kama mzigo. Mwanamume aliyekwenda Tanga kukata mkonge kama manamba, ili apate fedha ya kodi, aliwaachia wake na watoto ufyekaji wa lazima. Sera iliyopunguza kukutana kwa mtu na mbung'o iliongeza, katika miili ile ile, mzigo wa njaa na uchovu, na tathmini ya haki ya makazi hayo haina budi kuyabeba mambo yote mawili. Watafiti waliopima homoni za wagonjwa wa malale Afrika Mashariki miaka ya 1990 walikuta adrenali za baadhi yao haziitikii ipasavyo, sambamba na wingi wa TNF, maana yake mwili uliohitaji kotisoli zaidi ndio uliokuwa na uwezo mdogo wa kuitoa.

Jeraha la tatu, baada ya lile la kijidudu na lile la msongo, lilitoka katika dawa. Melasoproli, iliyobuniwa na Ernst Friedheim na kutangazwa mwaka 1949, ilitumika Tanganyika katika miaka ya 1950 na kuwaokoa wagonjwa wa hatua ya pili ambao zamani wangekufa. Lakini ni dawa ya aseniki, na aseniki hushikamana na vimeng'enya vyenye salfa, husimamisha utengenezaji wa nishati, na kuiua seli kwa njia iliyokwisha kuelezwa, iwe seli ya kijidudu au ya mtu. Kimiminika inachoyeyushiwa huunguza mshipa na kuharibu sindano za plastiki, hivyo wauguzi walihitaji mabomba ya kioo na mkono usiotetemeka. Kati ya asilimia 5 na 10 ya waliotibiwa walipata mchochota mkali wa ubongo, na karibu nusu ya hao walifariki. Prednisoloni, dawa ya jamii moja na kotisoli, ilitolewa ili kuutuliza.

Baada ya uhuru watu wa Kigoma walihamishwa tena katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, mara hii kwa ajili ya vijiji vya ujamaa, na wapo wazee walioyaona makazi ya malale na ya ujamaa katika kipindi cha maisha yao. Kisha kambi za wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, miongoni mwake Nyarugusu iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 na Nduta ya Kibondo, zilileta makundi mengine ya watu waliokusanywa kandokando ya miyombo, wakiingia msituni kutafuta kuni.

Malale hayajaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kigoma ilikuwa bado miongoni mwa mikoa yenye wagonjwa wengi zaidi nchini, na ingawa idadi imeshuka sana, mrina asali au mwindaji anayefika kituo cha afya akiwa na homa huweza kutibiwa malaria mara mbili au tatu kabla ya mtu kuuliza alikuwa wapi na kutazama ngozi yake kama ina kovu la jipu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza fexinidazoli kwa malale ya rhodesiense, vidonge vinavyotolewa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa muuguzi, bila aseniki na bila kuunguza mshipa. Vidonge hivyo sharti vimezwe mgonjwa akiwa amekula, kwa kuwa tumbo likiwa tupu dawa hufyonzwa kidogo mno kuweza kufika ubongoni kwa kiwango kinachotosha.