Kupima Kura za Watunga Sheria: Mambo ya Mtwara na Pwani ya Ruvuma, 1947–2018

Makusudi ya makala haya ni kutazama jambo moja katika historia ya siasa ya pwani yetu ya kusini, nalo ni namna watu wake walivyoweza, au walivyoshindwa, kuzipima kura za wale waliotunga sheria juu yao.

Katika nchi nyingine kazi hiyo ni ya kawaida. Huko Marekani, tangu miaka ya 1940, chama kiitwacho Americans for Democratic Action kimekuwa kikichagua kura kadhaa zilizopigwa katika Baraza la taifa, kisha kikimpa kila mbunge alama kati ya 0 na 100 kwa kadiri kura zake zilivyopatana na mawazo ya chama hicho. Wenye mawazo ya kinyume nao wakafuata. Hawa wameuliza kama mbunge aliiweka serikali ndani ya mipaka iliyoandikwa katika Katiba, au aliiachia itoze, itumie na iamrishe kupita mipaka hiyo. Na mtindo huo umeshuka hata katika mabaraza ya majimbo. Mtu aweza kuzikubali alama hizo au kuzikataa. Lakini haziwezi kutolewa kabisa pasipo mambo matatu: kura iwe na jina la mpigaji, kiwe na kipimo kilichowekwa kabla ya kura, na mwenye kupima awe na uwezo wa kumwondoa au kumrudisha anayepimwa. Tukiifuata historia ya Mtwara kwa miaka sabini, twaona kwamba mambo hayo matatu ni nadra kukutana mahali pamoja.

I. Fedha ya karanga

Februari 1947 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, ekari 3,210,000 kwa jumla, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula yaliyokuwa haba baada ya vita. Kazi ilianza Kongwa, lakini sehemu kubwa zaidi ya mashamba ilipangiwa Jimbo la Kusini, bara ya Lindi na Mtwara. Mwaka 1948 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda shirika la kusimamia mpango huo na kulipa idhini ya kukopa. Mtwara, jirani ya bandari kongwe ya Mikindani, ikachaguliwa kuwa bandari ya maji ya kina, na reli ikajengwa kwenda Nachingwea. Gati ilipofunguliwa mwaka 1954 mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Januari 1951 Serikali ilitangaza kuuacha, na hasara iliyopita pauni milioni 36 ikafutwa katika vitabu. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Jambo hili lilibishaniwa sana katika Baraza la Makabwela huko London. Novemba 1949, hesabu za shirika zilipokuwa zimetiwa ila na wakaguzi, upinzani ulidai uchunguzi ufanywe. Chama cha Labour, kwa wingi wake, kiliishinda hoja hiyo. Desturi ya Baraza hilo yafaa kuangaliwa. Wanaokubali hupita ukumbi mmoja wa pembeni, wasiokubali hupita mwingine. Majina huandikwa, na orodha yake huchapwa. Orodha rasmi za namna hiyo zimechapwa tangu mwaka 1836. Kwa hiyo mchaguzi wa Manchester aliyetaka kujua kama mbunge wake alizitetea fedha za umma katika jambo la karanga aliweza kulisoma jina lake katika safu mojawapo, na katika uchaguzi wa 1950 na wa 1951 aliweza kumhukumu.

Mvuvi wa Msimbati na mkulima wa Nachingwea hawakuwa na njia hiyo. Ardhi iliyofyekwa ilikuwa yao, na bandari ilijengwa pwani kwao, lakini majina yaliyoandikwa yalikuwa ya watu wasiochaguliwa nao. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikuwapo tangu 1926, ila wajumbe wake wote waliteuliwa. Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945, nao pia kwa kuteuliwa. Basi kura ilikuwa na jina, lakini mwenye kuathirika na kura hiyo hakuwa na mizani.

II. Mizani bila kipimo

Mizani ilianza kupatikana katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Jimbo la Kusini lilikuwa katika zamu ya pili, Februari 1959. Uchaguzi wenyewe ulikuwa na masharti mazito: mwenye kura alitakiwa kuwa na elimu, au kipato, au cheo fulani, tena ilimpasa kuchagua watu watatu kwa pamoja, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwezi Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Sasa watu wa Ruvuma walikuwa na wabunge wao. Lakini kipimo je? Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 haikuwa na sura ya haki za raia ambayo mahakama ingeweza kuisimamia. Mwezi Septemba mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumzuia mtu bila kumfikisha mahakamani. Mtu aliyetaka kuipima kura ya mbunge juu ya sheria hiyo hakuwa na maandiko ya Katiba ya kuiwekea kando. Alikuwa na dhamiri yake tu. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984.

Katiba ya Muda ya 1965 ilileta chama kimoja, na pamoja nacho uchaguzi wa watu wawili wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Tusiudharau uchaguzi huo, kwa kuwa wananchi waliwaangusha wabunge wengi, mawaziri wakiwamo. Lakini wagombea hawakushindana kwa siasa ya chama wala kwa kura walizopiga. Walishindana kwa utumishi na tabia zao. Tena Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, nao wakapoteza viti. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba mwenye kuipima kura ya mbunge kwa nguvu zaidi ni chama chake, wala si wachaguzi wake. Sheria hiyo ilidumu hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992: kwa ibara ya 71 ya Katiba, mbunge anayepoteza uanachama hupoteza na kiti.

III. Jambo lisilo na kura

Gesi ya Mnazi Bay, karibu na mlango wa Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ilipoazimia kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, watu wa Mtwara waliandamana tarehe 27 Desemba 2012, wakidai kwamba gesi iwafae kwanza wao. Tarehe 22 Mei 2013, makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini yaliposomwa Dodoma, ghasia zilizuka mjini. Watu walikufa, majengo yakachomwa, na jeshi likapelekwa. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Kwa habari yetu, jambo la kuangalia ni hili. Watu walikuwa wakiingoja hotuba ya Bungeni kana kwamba huko ndiko jambo litakakoamuliwa, kumbe lilikwisha kuamuliwa. Kukopa na kufunga mikataba ni kazi ya Serikali. Bunge lilikutana na bomba ndani ya makadirio ya wizara nzima, pamoja na mishahara na umeme wa vijijini. Hapakuwa na kura moja juu ya bomba ambayo mtu wa Mikindani angeweza kumwuliza mbunge wake. Katika uchaguzi wa 2015 Mtwara Mjini ilimchagua Maftaha Nachuma wa CUF mahali pa mbunge wa chama tawala. Si haki kusema kwamba sababu ilikuwa moja tu. Lakini yafaa kukumbuka kwamba watu wasipopata kura ya kuipima, huihukumu serikali nzima kwa mtu mmoja.

IV. Fedha ya korosho

Mwaka 2018 jambo lilikuwa jingine, maana safari hii sheria yenyewe ilibadilishwa. Kwa sheria iliyokuwapo, korosho ghafi inayopelekwa nje ilitozwa ushuru, na sehemu 65 katika kila 100 za ushuru huo zilirudi katika zao lenyewe: utafiti, miche, na pembejeo kama salfa ya kuzuia ubwiri unga. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulikusudia kuupeleka ushuru wote katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Mtwara na Lindi, wa CCM na wa CUF pamoja, walisimama kuupinga. Muswada ulipita. Sheria za miaka ya baadaye zimeugusa tena mgawanyo huo, lakini msimu wa 2018 ulikuwa mgumu: wafanyabiashara walisita kununua kwa bei iliyotakiwa, na Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba.

Tujaribu basi kuipima kura hiyo kwa Katiba. Ibara ya 135 yasema kwamba fedha zote za Serikali ziwekwe katika mfuko mmoja, isipokuwa zile ambazo sheria imezitenga kwa kazi maalumu. Mpimaji mmoja atasema: aliyeupinga muswada aliizuia Serikali kuchukua fedha ambayo sheria ilikwisha kuiahidi kwa mkulima, apewe alama. Mpimaji wa pili atasema: aliyeuunga mkono aliirudisha kanuni ya mfuko mmoja, ili fedha yote ipite chini ya macho ya Bunge, naye apewe alama. Wote wawili wanaitaja ibara moja. Hapa twajifunza kwamba alama si hukumu ya Katiba; ni hukumu ya mtu aisomaye Katiba, na kwa hiyo ni wajibu wake kukitaja kipimo chake kabla ya kulitaja jina la mbunge.

V. Lugha ya kumbukumbu

Lakini wapimaji wote wawili hukwama mahali pamoja, nako ni katika kitabu cha kumbukumbu. Kwa kawaida Spika huwahoji wabunge, nao huitikia kwa sauti, Ndiyo au Siyo. Kisha mwandishi huandika kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Wanafunzi wa lugha wataitambua kauli hiyo ya kutendwa. Hoja iliamuliwa, na nani? Sarufi haimlazimishi mwandishi kusema, na kanuni haimlazimishi pia. Tunajua nani alisema nini katika mjadala, neno kwa neno. Hatujui nani alifanya nini katika uamuzi.

Iko kura moja ya kila mwaka isiyofuata njia hiyo, nayo ni ya bajeti. Hapo jina la kila mbunge huitwa, naye hujibu akisikika. Lakini kura hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuipima, kwa kuwa inashika mambo yote ya Serikali pamoja, na kwa ibara ya 90 Bunge likiikataa bajeti Rais aweza kulivunja. Mbunge wa korosho aliyesema Ndiyo kwa bajeti huenda alisema Siyo kwa Muswada wa Fedha. La kwanza limeandikwa kwa jina lake, la pili limepotea katika sauti za wenzake. Ndiyo maana waliojaribu kuwapima wabunge katika Afrika ya Mashariki, kama Mzalendo wa Kenya tangu 2005, wamehesabu zaidi michango kuliko kura. Wamehesabu kilichoandikwa. Lakini mtu aweza kunena sana juu ya mkulima, kisha akanyamaza Spika anapohoji.

Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 lililikabili suala hili waziwazi. Wajumbe walibishana juu ya kura ya wazi na ya siri, na mwishowe kila mmoja akaachiwa achague. Matokeo yalitangazwa tarehe 2 Oktoba. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imependekeza wananchi wapewe uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Katika Katiba Inayopendekezwa pendekezo hilo halikubaki. Wanaotetea siri wana hoja yenye uzito: mbunge ambaye chama chaweza kumvua kiti huenda akawa huru zaidi gizani. Lakini giza hilo humficha pia kwa mkulima wa Tandahimba, ambaye ndiye aliyempeleka.

Neno kura limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni kubahatisha, kama watu wanaotupa vijiti ili kumpata mwenye fungu. Mwenye kubahatisha haulizwi sababu. Kura ya mtunga sheria si ya namna hiyo: ni tendo la mtu aliyetumwa, na aliyemtuma ana haki ya kujua. Mwaka 1949 majina yaliandikwa London, na watu wa Ruvuma hawakuwa na mjumbe. Mwaka 2018 walikuwa na wajumbe, na majina hayakuandikwa. Mpaka kila kura juu ya kodi na juu ya haki za raia iandikwe kwa jina, mwenye kutaka kuwapima wabunge wa pwani hii hatakuwa na la kuweka katika mizani ila maneno yao.