Mzimamoto hauawi na moto tu, anauawa na kutojua

Wakaaji wa Likasi tumezoea kuona kamyoni za mizigo mizito zikipita mchana na usiku kwenye barabara ya Lubumbashi–Kolwezi. Nyingine zinabeba mafuta, nyingine asidi ya viwanda vya shaba, nyingine baruti za migodi. Siku moja ikianguka, tutaita wazimamoto. Swali ni hili: je, watajua wanaendea kitu gani?

Historia inaonyesha kwamba swali hilo limegharimu maisha ya wengi. Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City, Marekani, meli iitwayo Grandcamp ilishika moto. Ilikuwa imebeba amonia nitrati, ambayo watu waliiona kuwa mbolea tu. Wazimamoto wa mji walikwenda karibu kuuzima, na meli ikalipuka. Kati ya wazimamoto 28 wa mji huo, 27 walikufa. Jumla ya waliokufa ilipita 500.

Miaka iliyofuata, Umoja wa Mataifa uliweka utaratibu wa namba kwa mizigo ya hatari. Ndizo zile namba nne tunazoziona kwenye vibao vya kamyoni. 1203 ni esansi, 1830 ni asidi ya salfuriki, 1942 ni amonia nitrati. Anayejua kuzisoma anafahamu hatari akiwa bado mbali.

Lakini kibao hakisaidii kama taarifa haifiki. Tarehe 4 Agosti 2020, wazimamoto wa Beirut, Lebanoni, walitumwa bandarini kuzima moto wa ghala. Hawakuambiwa kwamba ndani mlikuwa na tani 2,750 za amonia nitrati. Kikosi kizima kilichofika pale kilikufa.

Kwetu Kongo pia tumelia. Tarehe 2 Julai 2010 kamyoni ya mafuta ilianguka Sange, Kivu ya Kusini. Watu walikimbilia kuchota esansi, ikalipuka, na zaidi ya 230 wakafa. Februari 2019, kijijini Kabwe, kwenye barabara hii hii yetu ya kwenda Kolwezi, kamyoni ya asidi iligongana na basi. Watu wapatao 20 walikufa, wengi kwa kuungua na asidi.

Ajali hizi mbili zinadai kazi tofauti. Esansi ikishika moto kwenye tangi, mwongozo wa wazimamoto wa Marekani na Kanada unataka watu waondolewe hadi mita 800 kila upande. Asidi kali ikimwagika, maji yakirushwa juu yake huchemka na kuirusha usoni mwa mzimaji. Lakini mtu aliyeguswa na asidi lazima aoshwe haraka kwa maji mengi. Kikosi kisichofundishwa tofauti hiyo kitaumia kabla ya kuokoa mtu.

Ndugu zetu mliokimbia makwenu, jambo hili linawahusu zaidi. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zilizofukuzwa zililala kwenye gare ya Likasi. Aliyekimbia hukaa palipo na nafasi, na mara nyingi ni kando ya reli au barabara. Kamyoni ikianguka karibu nanyi, msichote kitu. Ondokeni kwa kuelekea upepo unakotoka, wala msiwashe moto. Kila mtu anayebaki pale anamlazimisha mzimamoto kuingia hatarini kumtoa.

Wakubwa wa mji na wenye viwanda nao wana deni. Kikosi kinahitaji kuwa na orodha ya kilichohifadhiwa Shituru, Panda na kwenye maghala mengine kabla moto haujawaka. Kinahitaji nguo za kuzuia asidi, vifaa vya kupumulia, na mazoezi pamoja na madereva. Mkuu wa kikosi awe na haki ya kusema: hapa hatuingii. Wale 27 wa Texas City hawakukosa ushujaa. Walikosa habari, na habari inaweza kutolewa leo.